Mgeni wa Saa Kumi

Siku daktari wa kwenye simu alipotarajiwa kwa mara ya kwanza, sebule ilipigwa deki mara mbili. Mama mkwe aliamuru kile kitambaa cheupe cha meza kitolewe sandukuni, kitambaa ambacho hata kwenye msiba wa marehemu mumewe hakikuonekana. Mke wa Mwenyekiti akapanga vikombe saba vya chai vya watu wa nyumbani, na cha nane cha mgeni. Dobi, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amerudi kutoka kazini huku mikono ikinuka sabuni ya hoteli, alikitazama kile kikombe cha nane akajiuliza kitapenyezwaje ndani ya kioo cha simu. Hakuuliza kwa sauti. Miaka kumi na moja katika nyumba ile ilikuwa imemfundisha kucheka kwa ndani.

Mgonjwa alikuwa mume wa Dobi, fundi wa kampuni ya umeme, wa wale wanaopanda nguzo. Miezi miwili nyuma mwenzake alianguka kutoka juu ya nguzo, akafia miguuni pake. Tangu siku hiyo fundi akifika chini ya nguzo miguu inagoma. Anashika ngazi, anatoka jasho, anaiachia. Kampuni ilimpumzisha nyumbani, ikamlipia vikao sita vya ushauri nasaha kwa njia ya simu, na ikasema wazi: barua ya mshauri iwe mezani kabla miezi miwili haijaisha, la sivyo kazi basi. Na nyumba nzima ilikuwa ikila kutokana na nguzo hizo, kuanzia unga hadi dawa ya goti la mama.

Kikao kilikuwa kila Alhamisi, saa kumi alasiri, na simu iliyotumika ilikuwa ya Mwenyekiti. Mwenyekiti ni kaka mkubwa wa fundi. Zamani aliwahi kuongoza chama cha wauza viatu vya mitumba kwa mwaka mmoja na nusu, chama kikafa mikononi mwake, cheo yeye akabaki nacho. Simu ya fundi ilikuwa ya vitufe. Ya Dobi ilikuwa na kioo kilichopasuka, na Mwenyekiti alisema ni aibu daktari kuoneshwa familia kupitia ufa. Yake ilikuwa kubwa, akaiegemeza kwenye kopo la sukari, akavaa shati la kola, akaketi katikati.

Daktari akatokea. Alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani, na nyuma yake palikuwa na ukuta mtupu.

"Mbona mtoto?" mama mkwe alinong'ona, na mnong'ono wake ulisikika hadi jikoni.

Salamu zilichukua dakika saba. Mama aliamkiwa, akaitikia, akataka kujua wazazi wa daktari hawajambo. Shangazi akauliza habari za huko, ingawa hakuna aliyejua huko ni wapi. Wifi akapunga mkono kama yuko bandarini. Mke wa Mwenyekiti akamkaribisha mgeni chai. Fundi alikaa pembeni, kwenye kiti cha plastiki, nusu ya uso wake ndiyo iliyoingia kwenye picha.

"Nashukuru sana," daktari alisema. "Sasa ningependa kuzungumza na mteja wangu peke yake."

"Hapa hakuna mtu wa nje, daktari," Mwenyekiti akamtoa wasiwasi. "Sisi ni kitu kimoja. Tena mgeni hatuwezi kumwacha sebuleni na mtu mmoja tu, na huyo mwenyewe mgonjwa. Utatuonaje?"

"Siyo mbaya, nimezoea."

"Sisi hatujazoea."

Daktari akavuta pumzi. "Bwana fundi, siku hizi unalalaje?"

"Analala fofofo," Mwenyekiti alijibu.

Dobi aliikodolea macho sakafu. Mwanamume huyo wa fofofo ndiye aliyekuwa akikaa kitako ukingoni mwa kitanda mpaka kunapambazuka, mikono katikati ya magoti. Kuta za nyumba ile hazikufika darini, mtu akikohoa chumba cha kwanza anapewa pole chumba cha mwisho. Basi fundi alikuwa amejifunza hata kulia bila kutoa sauti.

"Ningependa ajibu mwenyewe, tafadhali."

"Jibu basi, mdogo wangu. Mwambie daktari kwamba unalala."

"Nalala," fundi alisema.

Mwenyekiti akageukia kioo, mikono ameifungua, kama mtu aliyekwisha kuthibitisha hoja yake mahakamani.

Alhamisi ya pili, mama mkwe alilikunja gauni akamwonesha daktari goti. Daktari alieleza kwa upole kwamba yeye si daktari wa magoti. Mama akasema haidhuru, aangalie tu. Alhamisi ya tatu shangazi alieleza kwa kirefu kwa nini wifi hajaolewa, huku wifi mwenyewe ameketi pale pale akila karanga. Alhamisi ya nne Mwenyekiti alileta karatasi ya vipimo vyake vya presha, akaisoma tarakimu kwa tarakimu, kisha akamwomba daktari amweleze mkewe kwamba mtu mwenye presha hapaswi kuulizwa ametoka wapi.

Ilikuwa ajabu namna matibabu yale yalivyowafaa watu. Mama alisema tangu aanze kuzungumza na yule binti goti limepungua uzito. Shangazi alikuwa analala mchana bila taabu. Mwenyekiti alinawiri kabisa. Alitembea mtaani akiwaambia watu faida za daktari wa mtandaoni: hakuna foleni, hakuna nauli, unatibiwa ukiwa umevaa kandambili. Watu sita katika nyumba ya watu saba walikuwa wakipata nafuu, ukimhesabu Dobi, ambaye nafuu yake ilikuwa kuwadharau. Fundi alikuwa amekonda mpaka mshipi umetobolewa tundu jipya.

"Kwa nini huwaambii watoke?" Dobi alimuuliza chumbani, mdomo karibu na sikio.

"Nani, mimi?"

"Kwani mgonjwa nani?"

Fundi aliinua macho akatazama uwazi uliokuwa kati ya ukuta na dari, kisha akayashusha. Dobi akajiviringisha shuka akimwona mumewe goigoi. Siku nyingine alimwonea huruma, lakini siku hiyo alimwona goigoi.

Ijumaa baada ya kikao cha nne kampuni ilimwita fundi, na akarudi na nakala ya barua ya mshauri. Katika nyumba ile barua zote zilisomwa na Mwenyekiti, hata zile za kliniki ya wanawake. Aliichukua mkononi mwa mdogo wake, akakohoa, akasimama.

"'Vikao vinne vimefanyika,'" alisoma kwa sauti ya mkutano. "'Nimezungumza na mama, kaka, shangazi, dada na shemeji wa mteja. Kwa kuwa mteja mwenyewe bado sijazungumza naye, sina maoni yoyote kuhusu uwezo wake wa kurudi kazini. Vimebaki vikao viwili.'"

Sauti ya mkutano ilikuwa imekwisha kabla ya barua. Maneno hayo yalikuwa matamu sana kwa Dobi, ingawa yalikuwa na kazi ya mumewe ndani yake.

"Muongo huyu binti!" Mwenyekiti alipata pumzi. "Hajazungumza naye vipi? Tumezungumza naye saa nne nzima!"

"Na chai tulimpikia," alisema mke wake.

"Hana adabu," mama mkwe alihukumu. "Nilimwona tangu siku ya kwanza. Mtu hata chai hanywi."

Ikaamuliwa kwamba kosa ni kukaa mbali na simu. Alhamisi ijayo watasogea karibu zaidi, na Mwenyekiti ataongea polepole.

Namba ya daktari ilikuwa chini ya ile barua. Jumatatu asubuhi Dobi aliinakili kwenye kiganja kwa kalamu, na saa ya mapumziko akaketi juu ya furushi la mashuka machafu ya hoteli akaandika kwa simu yake yenye ufa. *Mimi ni mke wa fundi wa umeme. Samahani kwa ya nyumbani. Nifanyeje?*

Jibu lilikuja kabla ya mapumziko kuisha. *Mumeo anaweza kuandika ujumbe?*

Anaweza, alijibu Dobi. Daktari akaeleza kwamba hilo nalo ni tiba, tena wapo wengi wanaotibiwa hivyo: watu wa nyumba zenye msongamano, watu wa chumba kimoja, watu ambao sauti zao zina wenyewe. Anayeandika hasikiki. Kikao cha tano kingekuwa cha maandishi, kupitia simu ya Dobi. Ila cha sita, alisema, lazima nimsikie kwa mdomo wake, vinginevyo barua siwezi kuandika.

Alhamisi saa kumi familia ilikuwa imejipanga mbele ya kopo la sukari, magoti yakigusana. Simu ya Mwenyekiti ilikuwa imechajiwa hadi juu. Fundi alikaa kwenye kiti chake cha plastiki nyuma yao, simu ya mkewe mapajani.

Saa kumi ikafika. Simu kubwa ikabaki kimya.

"Mtandao huo," shangazi alisema.

Saa kumi na robo Mwenyekiti aliipangusa simu kwa kitambaa. Nusu saa ilipotimia alianza kusema kwamba vijana wa leo wakishavaa miwani hawajali wakubwa. Mama akasema huyo binti ana lake jambo. Mke wa Mwenyekiti akauliza chai aiondoe au aiache. Na muda wote huo, hatua mbili nyuma ya migongo yao, vidole gumba vya fundi vilikuwa vikienda. Vilisimama, vikaenda tena. Kuna wakati alikaa muda mrefu hajaandika kitu, taya zikicheza, halafu akaandika haraka haraka kama anayemwaga maji. Dobi alisimama mlangoni akiyaona yote. Moyo wake ulijaa furaha mbaya. Walikuwa wakimngoja daktari, na daktari alikuwa mle ndani tayari.

"Na wewe umekazana kucheza na simu," Mwenyekiti aligeuka akamfokea mdogo wake. "Watu tunahangaikia maisha yako!"

"Samahani, kaka," fundi alisema, na vidole havikusimama.

Kesho yake, pale juu ya mashuka, Dobi alifungua simu. Hakujiuliza mara mbili. Simu ni yake, namba ya daktari aliitafuta yeye, mume ni wake. Alisoma kwa raha, kama anayefungua zawadi aliyoinunua mwenyewe.

*Uko wapi sasa, na uko na nani?*

*Sebuleni. Wako watano mbele yangu wanakungoja upige.*

*Kuna anayejua kwamba tunaandikiana?*

*Mke wangu. Simu ni yake. Atasoma haya kesho, kwa hiyo lile lenyewe siwezi kuliandika.*

Dobi aliusoma ule mstari mara tatu. Chini yake yalikuwepo mengine mengi: usingizi, chakula kinachokwama kooni, viganja vinavyotoa jasho akiona hata ngazi ya mpaka rangi. Lile lenyewe halikuwepo. Hasira ndiyo iliyomjia kwanza. Shukrani gani hii? Nani amefanya nini katika nyumba ile isipokuwa yeye? Akalikunja shuka vibaya, akalikunjua, akalikunja tena. Kisha aibu ikampanda taratibu. Mumewe hakuwa amekosea kukisia kwamba atasoma. Alikuwa amemjua. Katika hesabu ya mumewe, Dobi naye alikuwa kwenye kochi pamoja na wale watano, amekaa karibu zaidi tu.

Siku zote sita zilizobaki alitafuta mahali. Hotelini walinzi hawaruhusu waume. Uwanja wa mpira umejaa watu kuanzia saa tisa. Fundi akitoka na simu saa kumi Mwenyekiti atamfuata na kopo la sukari. Hakukuwa na njia ya kumtoa mgonjwa nyumbani. Ilibidi itolewe nyumba.

Alhamisi ya mwisho alirudi kutoka kazini saa tisa, akamkabidhi mumewe simu yake, ambayo daktari angeipigia, akasema, "Kaa chumbani. Nitakupa saa nzima." Akatoka uani. Saa kumi kasoro dakika mbili alisimama katikati ya ua, akashika kiuno.

"Shemeji!" aliita. "Mwenyekiti wa chama marehemu! Toka nje nikwambie wewe ni nani!"

Ndani palikuwa kama pamemwagwa maji ya moto. Mwenyekiti alitoka na shati lake la kola, kifungo kimoja bado. Mkewe nyuma yake, wifi nyuma ya mkewe, shangazi na kiatu kimoja, mama mkwe akiliburuta goti lake.

"Unasema na nani?"

"Nasema na wewe! Kila taa inayowaka humu ndani mtu alipanda nguzo. Wewe umepanda nini? Mara ya mwisho kutoka jasho ilikuwa lini, kama si kwa kula? Kochi unalokalia kanunua nani? Hilo shati kanunua nani?"

"Mama, unamsikia huyu dobi wenu?"

"Dobi, ndiyo! Ninafua mashuka ya watu nisiowajua, na sijakuta uchafu kama wa nyumba hii!"

Majirani walishafika langoni. Dobi hakuwahi kujua kwamba anajua maneno mengi namna ile. Yalikuwa yamekaa kwa mpangilio, miaka kumi na moja, yakingoja kuitwa. Alimsema Mwenyekiti dakika kumi na tano bila kurudia tusi. Alimsema mke wake kwa sufuria aliyoazima akairudisha imetoboka. Alimgeukia shangazi, akamgeukia wifi. Mama mkwe alilia, na Dobi akamsema hata huku analia, jambo ambalo baadaye lilimuuma. Lakini ilipofika saa kumi na nusu mambo yalianza kumbana. Matusi yalikuwa yamekwisha. Alirudia la sufuria, na watu wakajua linarudiwa.

Mwenyekiti alifunga kifungo. "Mwanamke amechanganyikiwa. Twendeni ndani, saa ya daktari imefika na imepita."

Akageuka. Wengine wakageuka naye. Dobi aliona migongo mitano ikielekea mlangoni, na nyuma ya mlango ule mumewe pengine ndiyo kwanza anafungua mdomo. Alijua kitu kimoja tu ambacho watu wale wasingeweza kukipa mgongo.

"Mume wangu ana siri!" alisema.

Migongo ikasimama.

"Siri gani?" wifi aliuliza.

"Alimwandikia daktari. Nimeisoma."

Walirudi. Walirudi mpaka wakakaa, mama kwenye kigoda, wengine kwenye ngazi ya mlango, majirani wakasogea kutoka langoni hadi katikati ya ua. Hasira zote zilikuwa zimesahaulika. Nyuso ziling'aa. Dobi aliwatazama kwa dharau kamili, iliyoiva, kisha akakumbuka alivyoketi juu ya mashuka Ijumaa ile, na uso wake mwenyewe ulivyokuwa. Ulikuwa hivi hivi.

Aliwaweka roho juu. Aliwaambia kwanza nyamazeni. Alidai maji ya kunywa, wakamletea mbio. Alisimulia alivyoipata namba, wino ulikuwa wa rangi gani, kiganja kilikuwa kipi. Kila walipochoka alisema, "Sasa sikilizeni." Hapo kwenye maji na wino dakika ishirini zikapita.

"Sema basi!" Mwenyekiti aliomba. Aliomba kabisa.

"Kaandika hivi," Dobi alisema, na sauti ilikuwa imekwisha kukauka. "Kwamba kuna jambo limemkaa, na katika nyumba hii hakuna mtu anayeweza kumwambia. Hata mmoja. Na mimi nimo."

"Jambo gani?"

"Sijui."

"Si umesema umesoma?"

"Nimesoma kwamba sitaambiwa."

Mlango ulifunguka. Fundi alisimama pale, macho mekundu, shati limemganda mgongoni kama aliyeshuka kutoka juu ya nguzo. Watu wa kwenye ngazi walimpisha bila kujua kwamba wamempisha.

"Umechelewa," Mwenyekiti alisema. "Mkeo ametuvua nguo mbele ya mtaa. Anatangaza eti humu ndani huna mtu wa kuzungumza naye. Mwambie aombe radhi."

Fundi alimtazama kaka yake, kisha akamtazama mkewe, aliyekuwa ameshika bilauri ya maji kwa mikono miwili.

"Ni kweli," alisema.

Mwenyekiti alifungua mdomo ili amjibie, akakosa swali la kujibu.

Barua ilifika kampunini Jumanne, yenye ukurasa mzima. Fundi arudi kazini, afanye kazi za chini miezi miwili, apande taratibu akiwa na mtu, na aendelee kuzungumza na mshauri, kampuni ikilipa. Mwenyekiti aliitangaza mtaani kama ushindi wake. Nyumbani hakusema kitu, kwa sababu nyumba nzima ilikuwa imewasusia fundi na mkewe. Mama mkwe aliagiza hakuna atakayewasemesha, wala kukaa nao chumba kimoja, mpaka yule dobi apige magoti. Kwa hiyo Alhamisi iliyofuata, saa kumi kamili, familia ilisimama kwa kiburi ikahamia uani, ili wale wawili wajue wanachukiwa. Sebule ilibaki tupu kwa mara ya kwanza tangu ijengwe.

Fundi alikaa kwenye kochi, katikati. Dobi aliisimamisha simu yake yenye ufa kwenye meza, mbele yake.

"Nikikwambia siku moja," fundi alisema, "nitakwambia mwenyewe."

Lilimuuma. Mwanamke mwenye miwani, ambaye hajawahi kumfulia hata soksi, alikuwa anamjua mumewe kuliko yeye, na alikuwa anamfaa. Alitaka kusema neno kali, na alikuwa nalo.

"Haya," alisema.

Akatoka, akaufunga mlango. Pale nje ya mlango palikuwa na nafasi ya kusimama, na mtu akisimama hapo husikia kila kitu. Dobi alipita, akavuka ua, akapita mbele ya watu watano waliojifanya hawamwoni, akatoka langoni mpaka barabarani kwenye kelele.